Minyoo Waliojua Bila Kufundishwa

"Hakuna mnyoo wa kunishangaza mimi," alisema Mjuaji, ameegemea friji ya maabara kana kwamba kainunua yeye. "Nawalisha mimi, nawabadilishia maji mimi. Nikimtazama mmoja usoni, najua kaamka vizuri au kaamka na hasira."

"Kwani wana uso?" aliuliza bibi yake.

"Wana uso, Bibi. Na makengeza juu yake."

Bibi akacheka mpaka chai ikampalia. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, miguu haifiki chini, mkoba wa dawa za macho umelala mapajani. Kliniki ya macho ilikuwa jengo la pili kutoka pale, na kila alipotoka huko alikuja kumsubiri binti yake, mwenye maabara, amalize kazi ampeleke nyumbani kwa gari. Hakuwa na haraka. Maabara ile ilikuwa na chai, na ilikuwa na mjukuu wa kutaniwa.

Jina la Mjuaji halikutoka kwa wazazi. Alilipata sekondari, kwa mwalimu wa baiolojia, kwa sababu kila swali lilipoulizwa mkono wake ulikuwa juu kabla swali halijaisha, na jibu alilotoa lilikuwa la swali jingine kabisa. Mwenyewe alilibeba jina hilo kama medali. Alipomaliza shule akawa anashinda kwenye kochi anairekebisha dunia kwa mdomo, hadi shangazi yake, dada wa baba, alipochoka kumtazama akamvuta kazini kwake. Nyumbani alikuwa Shangazi. Kazini alikuwa Daktari, na siku Mjuaji alipochanganya, alioshwa masikio mbele ya watu.

Maabara yenyewe isikutishe. Ni chumba kimoja mwishoni mwa korido ndefu, kimebanwa kati ya stoo ya viti vibovu na choo kisichofungika. Sinki moja, dirisha moja, friji moja yenye tangazo kubwa la kukataza chakula, na ndani yake chakula kitupu: maini ya ng'ombe, yamekatwakatwa vipande vidogo kama vya kumlisha mdoli. Juu ya meza ndefu kulikuwa na mabeseni mawili mapana yaliyofunikwa kitambaa cheusi. Humo ndimo walimoishi minyoo bapa, wale wanaojificha chini ya mawe ya kijito. Mmoja ni mdogo kama kipande cha ukucha uliokatwa, rangi ya kahawia, kichwa kama ncha ya mshale, na juu yake vitone viwili vya macho vinavyotazamana kana kwamba vinadaiana.

Na Daktari alikuwa anatafuta nini kwa viumbe hao? Alikuwa anatafuta jambo ambalo ukilisema kwenye sherehe watu wanahama meza yako: kumbukumbu inakaa wapi? Kila mtu atakuambia, kichwani. Daktari alitaka kumuuliza mnyoo.

Beseni la kwanza liliandikwa WALIOSOMA. Sakafu yake ilikwaruza kama karatasi ya msasa, na katikati taa kali ilimulika kipande cha ini. Mnyoo bapa anachukia mwanga kuliko mdaiwa anavyochukia hodi, kwa hiyo mwanzoni wote walijibanza pembeni wakafa na njaa yao. Lakini siku baada ya siku walijifunza: ukihisi sakafu inakwaruza, chakula kipo kwenye mwanga, nenda. Beseni la pili liliandikwa WASIOSOMA. Sakafu laini, giza, maini yametawanywa popote. Hawa hawakufundishwa chochote, walikula na kulala. Kazi yao ilikuwa kutojua. Bila wao, Daktari asingeweza kumthibitishia mtu yeyote kwamba wale wengine wanajua.

Sasa, hiyo kazi ya kutojua ndiyo Mjuaji hakuielewa. Aliielewa kwa maneno, maana aliweza kuikariri mbele ya wageni bila kupumua, ila haikumwingia. Yeye aliona minyoo wasio na shughuli, na yeye mwenyewe mchana hakuwa na shughuli, na pale chini ya sinki kulikuwa na sahani ya zamani ya kukwaruza, imepasuka ukingo, haina mwenyewe. Akawaza: Waliosoma wana ratiba, Daktari anamjua kila mmoja. Hawa wengine nani atawakumbuka?

Ndivyo mbio zilivyoanza. Daktari akienda kwenye vikao vyake vya mchana, Mjuaji alivua minyoo kadhaa wa Wasiosoma kwa brashi laini, kwa zamu, asiache hata mmoja, akawapanga ukingoni mwa sahani, akawasha taa ya mezani, akaweka ini katikati, kisha akatangaza mbio kama mtangazaji wa mpira. Bibi alipokuwepo, alichagua mnyoo wake. Aliyeshindwa aliosha vikombe. Mwanzoni mbio zilichosha kuliko hotuba, minyoo wamejibanza pembeni hawataki. Lakini Mjuaji alikuwa na subira ya ajabu kwa mambo yasiyomhusu. Aliwasukuma kwa brashi, akawaonjesha ini, akawarudisha mwanzo, tena na tena, mpaka wakawa wanaondoka ukingoni kama wameitwa majina. Bibi alikuwa na wake, mwenye kovu jeupe mgongoni, aliyemwita Mkwe.

"Kwa nini Mkwe?" Mjuaji aliwahi kumuuliza.

"Umeona chakula kikitengwa yeye akakosekana?"

Basi siku hiyo ya majigambo, Bibi akashusha kikombe. "Leo hatuwashindanishi? Vikombe vinakusubiri, mume wangu."

"Leo haiwezekani. Daktari kasema ana kazi nao."

"Kazi gani?"

"Ya kisayansi, Bibi. Hata nikikueleza utalala."

Ukweli ni kwamba hakujua kazi gani. Hakukaa sana na ujinga wake, maana mlango ulifunguliwa akaingia Daktari, kavaa koti jeupe, mkononi sinia la barafu, na juu ya barafu wembe mpya.

"Mama, shikamoo. Wewe," alimgeukia Mjuaji, "lete Waliosoma. Mmoja mmoja."

Mjuaji akamleta wa kwanza kwa brashi, akamlaza kwenye kipande cha karatasi yenye maji juu ya barafu. Mnyoo akasinyaa kwa baridi. Daktari akavuta kioo cha kukuzia, akashusha wembe, na kwa mkono usiotetemeka hata kidogo akamkata kichwa.

Kichwa kikaenda zake. Hilo ndilo lililommaliza Mjuaji. Kichwa kingetulia kikafa, angevumilia. Lakini kile kichwa, na makengeza yake, kilijikunja kikaanza kutambaa kuelekea gizani kama mtu aliyekumbuka kaacha jiko linawaka. Na mwili nao, bila kichwa, ukajivuta upande wa pili.

"Wa pili," alisema Daktari.

Mjuaji alikuwa ameshika ukingo wa meza, rangi imemtoka.

"Mbona mtaalamu wetu kawa kama unga?" Bibi aliuliza. "Si ulisema unawajua?"

"Huyu... kichwa... kinakwenda wapi?"

"Vichwa hatuvihitaji," alisema Daktari. "Nataka miili. Miili itaota vichwa vipya. Kichwa kipya, ubongo mpya, hakijawahi kuona taa wala ini wala sakafu. Ndipo tutawarudisha kwenye msasa tuwaulize: mnakumbuka?"

Walikata Waliosoma wote, halafu wakakata Wasiosoma wote. Mjuaji alimaliza kazi ile akiwa amekaa, kwa amri ya Bibi, na kila mara alijishika shingo.

*

Wiki zilizofuata Mjuaji alikuwa anawahi kazini, jambo lililomtia baba yake wasiwasi. Alifungua kitambaa cheusi kwa hofu, kama anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa. Kwanza miili ilikaa kimya na kisiki chake. Kisha kisiki kikafanya weupe mbele, kama kichipukizi cha kitunguu. Kisha weupe ukachongoka. Na asubuhi moja akakuta vitone viwili vyeusi, vidogo kuliko nukta, vinatazamana.

"Daktari! Yamerudi! Makengeza yamerudi!" Sauti ilijaa korido, na mtu aliyekuwa kwenye choo kisichofungika akauliza kwa woga nani amerudi.

Daktari alikuja mbio, akainama kwenye kioo. Alimpiga Mjuaji bega mara moja, polepole, na Mjuaji akahisi kwamba katika maisha yake yote hajawahi kusifiwa vile.

Siku ya mtihani walifunga mlango. Waliosoma walitangulia. Daktari aliweka sahani mpya ya kukwaruza, akawasha taa, akaweka ini, akamweka mnyoo wa kwanza ukingoni. Mnyoo mwenye kichwa kipya, ubongo ambao mwezi uliopita haukuwepo duniani.

Akasita. Akapepesa ncha ya kichwa huku na huku. Kisha akaacha ukingo, akaingia kwenye mwanga, akaenda kulishika ini.

"Subiri," alinong'ona Daktari, ingawa hakuna aliyekuwa anakwenda popote. Wa pili akaenda. Wa tatu akachelewa, akazunguka, halafu akaenda.

Daktari akakaa sakafuni. Koti jeupe, sakafu chafu, hakujali.

"Kile kichwa hakijawahi kufika hapa," alisema. "Nani kakiambia?"

Safari hii Mjuaji hakunyoosha mkono. Alitazama kile kiumbe cha ukubwa wa ukucha kinakula ini, akawaza: basi kuna kitu kinajua, na hakiko kichwani. Kiko wapi? Kwenye ngozi? Kwenye mkia? Na mimi je, magoti yangu yanajua nini ambacho hayajaniambia?

"Sasa hawa wengine," Daktari alisema, akijifuta macho. "Wasiosoma watajibanza pembeni, na hapo tutakuwa na ushahidi. Lete."

Mjuaji akaleta. Akamweka mnyoo ukingoni kwa brashi, na mnyoo hakusita hata kidogo. Aliondoka kama kachomwa. Alikata sahani katikati, akaingia kwenye mwanga, akalirukia ini. Mgongoni alikuwa na kovu jeupe.

Mjuaji akaishusha brashi.

"Huyo ni wa beseni gani?" Daktari aliuliza.

"La... la Wasiosoma."

"Una hakika?"

"Nina hakika." Hakuwahi kuwa na hakika kama ile, na hakuwahi kuichukia hakika kama ile.

Wakaweka mwingine, naye akaenda. Wakaweka mwingine. Walikwenda wote, na walikwenda kwa kasi kuliko waliosomeshwa. Daktari alisimama. Akafunika mdomo kwa mkono, akaufunua, akaufunika tena. Alikwenda dirishani akarudi.

"Maji," alisema hatimaye.

"Nikuletee maji?"

"Maji ya mabeseni! Yanatoka tanki moja, yanazunguka, yanarudi tanki lile lile. Waliosoma walipojifunza, kitu fulani kilitoka miilini mwao kikaingia majini. Wasiosoma wamekunywa! Unaelewa? Kujua kunaweza kuyeyuka. Kunaweza kusafiri. Hakuna mtu, hakuna mtu popote, aliyewahi..." Akamkumbatia Mjuaji kwa nguvu hadi kalamu za mfukoni zikamchoma kifuani.

Na humo humo kwenye kukumbatiwa, Mjuaji akaona jambo zima limesimama mbele yake uchi. Hakuna kilichoyeyuka. Wasiosoma walikuwa na mwalimu, tena mwenye bidii, mwenye brashi na taa ya mezani, anayetangaza kama mpira. Minyoo wale walikuwa wamesoma kuliko Waliosoma.

"Shangazi," alisema.

"Daktari."

"Daktari. Labda... labda kuna sababu nyingine."

"Itafute! Ndiyo kazi yetu. Mimi nimeitafuta hapa nilipo, siioni." Alikuwa tayari anabonyeza simu. "Unajua wenye jengo wanataka kukivunja chumba hiki? Stoo ya viti haitoshi, wanataka kuipanua. Wamenipa muda hadi Profesa aje kuikagua kazi yangu. Akisema kazi hii ina maana, chumba kinabaki. Akisema tunacheza, nafungasha."

"Lakini wale Waliosoma, si wanatosha? Wamekumbuka bila kichwa! Hilo peke yake..."

"Hilo linatosha kwa siku ya kawaida. Hili la maji litageuza kila kitu. Nitalisema mbele yake kwa mdomo wangu mwenyewe." Akaweka simu sikioni. "Na nikiwa nimekosea, hata hao Waliosoma hakuna atakayeniamini tena. Ndiyo maana nakushukuru wewe. Ungekuwa mzembe, leo ningeogopa kufungua mdomo."

Mjuaji akafungua wake. Maneno yalikuwa pale, yamejipanga ukingoni kama minyoo: nimewachezesha, nisamehe. Lakini upande wa pili wa simu mtu alipokea, Daktari akacheka kwa sauti ambayo Mjuaji aliisikia mara ya mwisho akiwa mtoto, na maneno yakajibanza pembeni.

*

Alijaribu tena. Msimwone mwoga wa kila siku. Alijaribu ndani ya gari, lakini Daktari alikuwa anaimba. Alijaribu jikoni kwa Shangazi, lakini baba yake alikuwepo, ameshika glasi, anawaambia majirani kwamba mwanawe naye ni mwanasayansi. Baba hakuwahi kuwaambia majirani chochote kuhusu Mjuaji isipokuwa kuomba radhi. Kila siku iliyopita ukweli ulizidi kuwa mzito, hadi ukafika uzito ambao mtu mmoja hawezi kuunyanyua peke yake.

Kisha Profesa akaja mapema kuliko alivyotarajiwa, asubuhi isiyo na maandalizi, na Bibi akaja naye, maana waliingia lango moja na Bibi akamshika mkono akidhani ni daktari wa macho.

"Mama, huyu ndiye Profesa!" Daktari alipiga yowe la chinichini.

"Hakusema," alijibu Bibi. "Nimemweleza habari za jicho langu lote, akanisikiliza vizuri tu."

Profesa alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye sauti ya kuomba chumvi. Alimsalimia kila mtu, pamoja na friji kwa jinsi alivyoinama kusoma tangazo lake. Wakati Daktari anapanga sahani, Mjuaji alimvuta Bibi pembeni, karibu na sinki.

"Bibi, twende nikukalishe nje. Humu kuna joto."

"Binti yangu anatazamwa na wakubwa, mimi nikae koridoni karibu na choo? Una homa?"

"Basi kaa. Ila ile michezo yetu usiitaje."

"Michezo gani?"

"Ile ya mchana. Shangazi atanigombeza kwamba nachezea kazi."

Bibi akamtazama kwa jicho lake lililotibiwa, toka juu hadi chini. "Kwani mimi redio? Nikiulizwa habari za kucheza kwako, sikusikia, sikuona."

Mjuaji akapumua. Pumzi ile ilikuwa ya mwisho nzuri kwa siku hiyo.

Daktari alianza na Waliosoma. Profesa aliinama kutazama. Mnyoo wa kwanza alipoingia kwenye mwanga na kichwa chake kipya, Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaomba arudiwe. Akarudiwa. "Ajabu," alisema, kwa sauti ile ile ya chumvi, lakini mkono wake ulikuwa umeishika meza.

"Hilo ndilo dogo," alisema Daktari. Akaeleza habari ya maji. Alieleza vizuri, bila papara. Kisha wakawekwa Wasiosoma, na Wasiosoma wakafanya walivyofundishwa: wakaondoka ukingoni kama wameitwa.

Profesa akaenda nyuma hatua moja, akagonga kiti. Alikuwa ameacha mdomo wazi, mzee mzima, msomi wa wasomi, kama mtoto aliyeona ndege akitoka kwenye kofia.

"Rudia," alisema. "Rudia na maji mengine." Akatoa chupa yake ya maji mfukoni mwa koti, wakamimina kwenye sahani safi. Minyoo wakaenda vile vile. Akageuza taa upande mwingine. Wakaifuata. Akakaa.

"Daktari," alisema, "nimefanya kazi hii tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Kama hili ni kweli, vitabu vyetu vya mwanzo kabisa vinaandikwa upya. Nitawaambia hivyo wenye jengo. Nitawaambia leo."

Machozi yakamlenga Daktari. Bibi akapiga vigelegele vifupi, akajizuia.

"Swali moja tu, dogo, ndipo nilale usiku," Profesa akaendelea. "Hawa Wasiosoma. Kabla hawajakatwa, kuna mkono wowote uliowahi kuwaweka kwenye sakafu ya kukwaruza? Hata mara moja? Hata kwa bahati mbaya?"

"Hapana," alisema Daktari. "Lakini usinisikilize mimi, siwagusi. Msimamizi wao huyu hapa. Muulize yeye."

Wote wakageuka. Mjuaji aliona nyuso zimepangika mbele yake: Profesa anasubiri kwa adabu, Bibi anatabasamu, na Shangazi, macho yamelowa, anamtazama kama mtu anayemtazama mwanawe akipanda jukwaani. Hapo ndipo palikuwa mahali pake pa kusema. Aliliona lango limefunguliwa kabisa, tena na taa inawaka. Akiingia, Shangazi angeumia leo lakini angebaki na Waliosoma wake, angebaki na jina lake. Angehitaji neno moja.

"Hapana, Profesa," alisema. Sauti ilitoka safi mno, mwenyewe ikamshtua. "Hata siku moja. Naapa. Minyoo wale hawajawahi kuiona sahani ya kukwaruza maisha yao yote."

Profesa akatikisa kichwa taratibu, kwa kuridhika. Daktari akafumba macho.

"He!" Bibi alisema.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi kwenye kisogo.

"He, wewe mtoto! Kucheza kwako nilisema sitaji, sawa. Lakini unamwapia mtu mzima? Hata siku moja? Na Mkwe?"

"Bibi, tafadhali, jicho lako linahitaji dawa..."

"Jicho langu zima! Huyo hapo, mwenye kovu, ndiye Mkwe! Namjua kama ninavyokujua wewe. Unataka kumnyang'anya ushindi wake wote kwa kinywa kimoja?"

Daktari alikuwa amefumbua macho. Hakumtazama mama yake. Alikuwa anatazama chini ya sinki, kwenye sahani ya zamani iliyopasuka ukingo, na taa ya mezani iliyoegemezwa juu yake.

"Mama," Profesa alisema kwa upole wake wote, "ushindi wa nini?"

Bibi, ambaye katika miezi yote aliyonywa chai mle ndani hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumuuliza swali la kitaalamu, akavuta kiti cha kuzunguka, akajiweka sawa, akakunja mikono mapajani.

"Wa mbio," alisema. "Mwanzoni walikuwa wavivu, Profesa, hawatoki ukingoni hata kwa kuombwa. Huyu mjukuu wangu ndiye aliyewafundisha. Mchana baada ya mchana, na brashi yake, na kipande cha ini, mpaka wakaelewa. Kwa hilo tumpe haki yake, ni mwalimu mzuri kuliko walimu wake." Kisha akakatiza, akainua kidevu. "Na wewe mbona unanikonyeza?"

Daktari akageuka polepole kumtazama anayekonyeza.